Sauti ya Soko Niliyokuwa Nikikutumia

Sanyuanli, Jumamosi alasiri

Hamidu mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa mpira, na mimi nimekwambia nabaki kupanga sanduku lako. Sanduku lilishapangwa tangu asubuhi. Nimekaa mezani jikoni, feni inazunguka, chai imepoa, na hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza nimezichana kwa sababu zilijaa maagizo. Vaa soksi mbili, usitoke na kichwa kibichi, sali kwa wakati. Hayo Mama Mdogo wako Rukia atakutumia kutoka Morogoro kila siku mpaka uchoke, na Maman Béatrice wa hapo chini ameshakununulia koti ambalo ukilivaa hapa Guangzhou, na joto hili la Agosti, utazimia. Kwa hiyo habari za baridi ya huko chuoni Harbin zina wenyewe. Mimi nina yangu.

Yangu ni ya aibu, ndiyo maana naiandika. Nikikaa mbele yako nitaanza kukutania, utacheka, tutakula, na kesho utapanda ndege bila kuijua. Ndege inachukua zaidi ya saa nne. Barua ndefu itakutosha njiani.

Nianze na wiki yako ya kwanza hapa, Septemba iliyopita. Ulikuwa umekuja kusoma Kichina mwaka mmoja kabla ya chuo, na mimi nilikuwa na furaha ya kijinga, nakuzungusha mitaani kama mtu aliyenunua gari jipya. Nikakupeleka kwenye lile jengo la maduka ya jumla. Tulipoingia tu ukasimama mlangoni. Watu wanatusukuma, mikokoteni inapita, wasichana wa vibandani wanavuta selotepu ya kufungia maboksi, na wewe umefumba macho katikati ya njia. Nikakuuliza unaumwa? Ukasema, "Hapana, Mama. Hii sauti naijua. Hii ndiyo sauti yako."

Nikacheka. Ukaendelea, "Na yule mama wa 'rang yi rang' yuko wapi?"

Rang yi rang ndivyo wachukuzi wa humo wanavyopiga kelele wakitaka wapishwe. Wewe ulikuwa unamuulizia mmoja tu, mwanamke mwenye sauti kavu, aliyekuwa akipita nyuma yangu kila nilipokutumia ujumbe wa sauti ulipokuwa mdogo. Nikakujibu, "Alisharudi kwao." Nikakuvuta mkono twende tukaangalie mabegi.

Nilikudanganya. Sijui kama alirudi kwao. Yule mama nilimsikia mara moja tu maishani, kwa sekunde arobaini.

Nilikuja hapa ukiwa na miaka saba. Mimi na baba yako tulikuwa tumeshaachana, yeye ana maisha yake Dodoma, na nilikuacha kwa Rukia nikisema ni mwaka mmoja. Unajua mwenyewe mwaka huo ulivyorefuka. Kazi ilikuwa hii hii ya uwakala: mteja wa Kariakoo ananitumia picha ya begi, mimi napanda basi hadi Shiling, naingia karakana, navuta zipu moja moja, nanusa ngozi, nabishana na laoban, yaani mwenye mali, mpaka atupe kikokotoo mezani kwa hasira za kuigiza. Nikitoka huko naelekea Xintang kwenye suruali za jinzi. Niliipenda kazi. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na miguu, na nilikuwa na mahali pa kuvipeleka vyote viwili.

Mwaka wa pili vikaanza kuniacha. Ningependa kukwambia kwamba kulitokea jambo, kwamba mtu alikufa, au mzigo ulizama, au mwanaume alinihadaa. Halikutokea jambo lolote. Hilo ndilo lililonichanganya kuliko yote. Nilikuwa nalitafuta kosa langu kila kona, nikidhani nikilipata nitapona.

Ninachokikumbuka vizuri ni saa. Wateja wangu wote walikuwa nyumbani, na wewe ulikuwa nyumbani, basi simu yangu nikaiacha kwenye saa za nyumbani. Wengi hapa tunafanya hivyo na tunajisifia kabisa. Morogoro ikiwa saa moja asubuhi, hapa ni saa sita mchana, na mimi ndiyo kwanza nafungua macho. Nyinyi mkila chakula cha jioni, mimi bado naandikiana na watu, nalala hapa kunakaribia kupambazuka. Dirisha letu unalijua, linatazamana na la jirani kiasi kwamba tunaweza kupeana chumvi. Ukiamka mchana umeshakosa kile kimwanga kinachopita. Nikawa silioni jua. Nilikaa Guangzhou miezi mingi bila kuishi Guangzhou, na Morogoro nako sikuwepo.

Watu wanadhani hali hii ni kulia. Mimi sikulia, na ningelia ningeshukuru. Kwanza ilikuwa uzito, halafu hata uzito ukaondoka, kila kitu kikawa mbali. Sufuria ya wali ilikaa jikoni siku nne. Naipita, naiona, najiambia nitaiosha, na kule kusema tu nitaiosha kunanichosha, narudi kulala. Nywele sikufumua. Chakula kilikuwa mikate ya dukani kwenye karatasi. Simu yako ikiita nilikuwa naitazama mpaka inyamaze. Acha niandike: nilikuwa nakupenda na sikuweza kupokea simu yako, yote mawili kwa pamoja.

Niliogopa kwamba ninakufuru. Mtu ana afya, ana kazi, ana mtoto anayefanya vizuri shuleni, halafu amelala kama gunia, huyo si anaitupa neema ya Mungu? Kwa hiyo juu ya ule uzito nikaongeza aibu, na aibu ndiyo iliyonifungia mlango. Sikumwambia Rukia. Sikumwambia yeyote.

Badala yake nikabuni ujanja. Siku moja nilipokuwa na nafuu kidogo nilikwenda kwenye lile jengo kumchukulia mteja sampuli, nikaweka simu kaunta, nikarekodi. Nia ilikuwa njema, nilitaka usikie mama yako anafanya kazi mahali gani. Sekunde arobaini: selotepu, mikokoteni, mtu anapiga chafya, na huyo mwanamke, rang yi rang, rang yi rang. Basi. Wiki iliyofuata nimelala, shuka imefika puani, saa nane mchana, ujumbe wako ukaingia: Mama uko wapi? Nina simu mbili, moja ya hapa na moja ya nyumbani. Nikaiwasha ile rekodi kwenye simu ya hapa, nikailaza pembeni ya mto, nikabonyeza simu ya nyumbani, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye haraka zake: "Niko sokoni mwanangu, kuna kelele, nitakupigia baadaye."

Ilifaulu mno. Rukia akatulia, wewe ukatulia, na mimi nikapata siku nzima ya kutoulizwa. Kesho yake nikarudia. Nilirudia karibu mwaka mzima, Hamidu. Nilikuwa mchangamfu humo kuliko nilivyowahi kuwa sokoni kwenyewe.

Mara moja tu ulinikaribia. Ulikuwa na miaka tisa, ukanitumia ujumbe: "Mama, yule mama wa lang lang hachoki? Jana amepita, leo amepita." Nilikuwa nimelala vile vile. Mtoto wa darasa la tatu, mbali kote huko, alikuwa amesikia kwamba kuna kitu hakiko sawa, na alikuwa ananiuliza kwa upole wake. Ningeweza kusema hapo. Nikakujibu, "Ndiyo kazi yake, mwanangu," na rekodi inaendelea pembeni.

Hukuuliza tena. Ukakua ukiambiwa mama yako ana shughuli nyingi, anahangaika kwa ajili yako, usimsumbue. Ukajifunza kutonisumbua. Likizo yangu ya kwanza nyumbani, ulipokuja kunipokea stendi, ulinipa mkono kama mgeni wa shule, nikaenda kulilia chooni kwa Rukia. Nilikuibia vitu vingi kwa kukaa mbali, lakini hiki cha kukufanya uamini sina nafasi nawe ndicho kinachoniuma zaidi. Nafasi nilikuwa nayo. Nilikuwa na mchana kutwa, nimelala, natamani mtu abishe hodi, na nilikuwa nimepanga kila kitu ili mtu asibishe.

Kazi nayo ikachacha. Siku moja Shiling nilikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya rundo la mabegi, na sikuweza kuvuta zipu ya kwanza. Laoban wa pale, mwanamke ambaye kila mwezi tuligombana kwa raha zetu, alinitazama, akazima kikokotoo, akaniletea maji ya moto. Hapa, unajua, maji ya moto ni dawa ya kila kitu, hata ukivunjika mguu watakwambia uyanywe. Nikayanywa. Nikamwambia mabegi ni mazuri, funga. Sikuwa nimefungua hata moja. Mzigo ulifika Dar zipu zinang'oka mikononi mwa wateja, na mimi nikaona ndiyo uthibitisho kwamba sifai.

Aliyebisha mwishowe ni Maman Béatrice. Alikuwa amehamia ghorofa ya pili, mfanyabiashara wa viatu wa Lubumbashi, tunasalimiana ngazini tu. Siku ya kwanza alibisha nikanyamaza. Siku ya pili nikanyamaza. Siku ya tatu akapaza sauti ngazi nzima isikie:

"Mama Hamidu, fungua! Niko najua uko ndani. Viatu vyako viko hapa inje tangu siku tatu."

Viatu! Nilikuwa nimetengeneza soko zima, nikasahau viatu mlangoni.

Nikafungua. Hakuniuliza nina nini. Alipita moja kwa moja jikoni, akaitazama ile sufuria, akafungua bomba. Huku anasugua, mgongo amenipa, akasema, "Petite sœur yangu, mdogo wangu, alikuwaka nayo hii. Bamoja walisema uvivu, bengine mashetani. Haikuwa uvivu. Ilikuwa ugonjwa. Mi siko docteur, ila niliiona."

Nilikaa hapa hapa nilipokaa sasa, namsikiliza anavyosugua sufuria yangu.

Kesho yake alirudi. "Leo tunashuka mpaka étage ya tatu, tunarudia. C'est tout, basi." Nilidhani ananidhihaki. Tulishuka ngazi kutoka hii ya sita hadi ghorofa ya tatu, nikakaa chini nahema kama niliyepanda Uluguru, tukarudi. Baada ya siku chache tukafika ya kwanza. Halafu mlango wa nje. Halafu kwa yule muuza maandazi ya mvuke pale kona. Hakuwahi kuniambia jipe moyo. Hakuwahi kuniambia wapo wenye shida kuliko zako. Alinihesabia ghorofa tu. Siku tuliyofika kwa muuza maandazi ilikuwa asubuhi, jua limetoka, nikasimama kama kuku aliyetolewa tengani, sijui nielekee wapi. Ndipo nikalia, kwenye foleni, watu wananiangalia, na Maman Béatrice anawafokea kwa Kifaransa wasiniangalie.

Yeye ndiye aliyenitafutia Kemunto, msichana wa Kisii aliyekuwa akisomea udaktari hapa kwa ufadhili, anisindikize hospitali kunitafsiria. Kabla ya hapo nilishakwenda mara mbili kwa tumbo na mara moja kwa mgongo, nikapewa dawa za tumbo na mgongo. Safari hii daktari aliuliza mengine. Kemunto akanigeuzia: "Aunty, anauliza unalala aje? Na chakula? Na anauliza kama umewahi kufikiria heri usikuwe." Hilo la mwisho alilisema akitazama viatu vyake.

Nikasema ndiyo.

Sikuwa nimemwambia mtu, na nakwambia wewe leo kwa sababu umekua na kwa sababu unakwenda mbali. Sikuwa na mpango wowote. Ilikuwa fikra, inakuja taratibu, inaniambia kwamba wewe ungekua vizuri tu kwa Rukia na mimi nisiwepo. Ilikuwa inasema kwa sauti yangu mwenyewe, kwa upole, kama ushauri mzuri. Kumbe ni ugonjwa unaongea. Nilipoitamka mbele ya watu wawili ilipungua nguvu pale pale, kabla sijameza kidonge hata kimoja. Ukiisikia sauti hiyo siku yoyote, usikae nayo peke yako hata nusu saa. Gonga mlango wa jirani hata kama humjui jina. Nenda hospitali. Nipigie mimi, na nisipopokea piga tena, piga mpaka nipokee.

Kemunto alinishika bega, akasema, "Aunty, daktari anasema hii kitu iko na jina na iko na dawa. Si ati wewe ni mtu mbaya." Baadaye nikasikia kwenye redio ya nyumbani wanaiita sonona. Nilifurahi kuisikia ina jina la Kiswahili, nikajua basi hata kwetu ipo.

Nilimeza vidonge mwaka na zaidi. Sitakudanganya kwamba vilinipa furaha. Vilinipa nguvu ya kuosha sufuria, na sufuria ikanipa mengine. Simu nikairudisha kwenye saa za hapa, nikawaambia wateja wasubiri asubuhi yangu, na wengi walisubiri. Swala nayo ilirudi, siyo kama dawa, kama mtu wa kukaa naye. Na ukweli mwingine, maana leo nimeamua: hali ile ilirudi tena mwaka juzi. Safari hiyo niliijua mapema, nikaenda mwenyewe. Lile kopo la mafuta ya samaki uliloliona bafuni Januari, ukaniuliza kama yanasaidia macho, nikasema ndiyo sana, hayakuwa mafuta ya samaki. Nilivihamishia vidonge vyangu humo siku uliyokuja, ili usivione.

Sasa tuje kwako, na hapa ndipo nilipochana zile karatasi mbili.

Mwaka Mpya wa Kichina mwezi wa pili, mji ulifungwa. Maduka yote mabati chini, watu wote wamekwenda kwao, Sanyuanli imebaki sisi na paka. Chuo chako cha lugha kilikuwa likizo. Ukaanza kulala. Mwanzo nikaona ni uchovu. Wiki ya pili ukaacha kubishana na mimi habari za mpira, na wewe ukiacha kubishana habari za mpira ujue kuna jambo. Niliijua hali hiyo kuliko mtu yeyote kwenye mji huu. Unakumbuka nilichofanya? Nilisimama mlangoni kwako nikasema, "Mimi nimeteseka huku miaka kumi na mbili kwa ajili yako, na wewe unalala kama mzee?"

Ukaamka, ukaoga, ukatoka. Nikajipongeza. Mwezi wa nne ndiyo ukanihadithia, kwa kucheka, kwamba siku ile uliingia treni ya metro hapo chini ukakaa kwenye behewa ukienda mwisho wa reli na kurudi mpaka jioni, kwa sababu hukujua pa kwenda na hukutaka nikukute kitandani. Nilicheka na wewe. Sikupaswa kucheka. Niliogopa, mwanangu. Nilikuona umelala pale nikajiona mwenyewe, na nilichotaka ni kuiondoa ile picha mbele ya macho yangu haraka. Wewe ulihitaji mtu wa kukuhesabia ghorofa, na mimi ambaye nilihesabiwa nikakupigia kelele. Nisamehe.

Lipo na la mwezi wa tatu, ambalo hulijui.

Masomo yalikuwa yameanza. Nilitoka asubuhi kwenda Xintang, nikafika kituoni nikakumbuka nimesahau futi ya kupimia, nikarudi. Nilipofika mlangoni nikakusikia ndani. Dirisha ulikuwa umelifungua, nasikia pikipiki za barabarani na yule jamaa wa vyuma chakavu na kipaza sauti chake. Ulikuwa unarekodi ujumbe wa Mama Mdogo wako. Ukasema, kwa sauti nzuri ya mtu mwenye haraka zake: "Niko sokoni na mama, kuna kelele, nitakupigia baadaye." Halafu ukafunga dirisha. Halafu nikasikia kitanda.

Nilisimama pale nje na ufunguo mkononi. Maneno yalikuwa yangu. Sikukufundisha, na hukujua kwamba ni uongo uliorithi. Wewe ulidhani unamwiga mama yako akiwa sokoni. Nilitakiwa kufungua mlango. Nilitakiwa kuingia, nikae ukingoni mwa kitanda, niseme, Hamidu, mimi hiyo naijua. Nikashuka ngazi bila futi. Siku ile Xintang nilipima suruali kwa viganja vya mikono.

Ulipata nafuu mwenyewe, au mpira ulikupa nafuu, au Mungu. Mwezi wa tano ulikuwa unabishana tena. Lakini mimi sikufungua mlango, na kesho unakwenda mahali ambapo sitakuwa na mlango wa kufungua. Harbin mwezi wa kumi na mbili, saa kumi jioni giza limeshaingia. Utakuwa na wenzako, utakuwa na vitabu, huenda usiguswe kabisa na ninayoyaogopa. Naomba iwe hivyo. Lakini ikikujia, nataka iwe umeshajua mambo ambayo mimi niliyajua nimechelewa. Kwamba haiji kwa sababu umekosa shukrani. Kwamba inakwambia imekuwepo siku zote na haitaondoka, na yote mawili ni uongo. Kwamba ukisubiri kutaka ndiyo utoke nje, utasubiri sana. Peleka miguu kwanza wakati mwanga bado upo, hata kuzunguka bweni mara moja, halafu rudi ulale kama ni lazima. Kwamba daktari yupo na kwenda kwake hakukupunguzii kitu. Na simu yako iache saa za huko. Kwa bahati saa za Harbin ni hizi hizi za hapa, tutakuwa tunaamka pamoja.

Sikuombi uniahidi kwamba utakuwa na furaha. Ningekuomba hivyo ungeniigizia, na wewe ni fundi, umetoka kwa fundi. Nakuomba kitu kimoja tu. Siku ambayo huwezi, usinifungulie dirisha. Bonyeza simu, usiseme neno lolote, nitumie sekunde kumi za chumba chako kilivyo. Kama ni kimya, nitumie hicho kimya. Sitakuuliza kwa nini umelala, wala sitakukumbusha nimeteseka miaka mingapi. Nitakupigia, na usipoweza kuzungumza tutanyamaza wote wawili mpaka utakapoweza kushuka ghorofa moja.

Na ili usidhani nakutuma peke yako, nitaanza mimi. Kesho nikitoka kukusindikiza uwanja wa ndege nitarudi hapa, nitapanda ghorofa sita, nitafungua mlango. Kitanda chako kitakuwa kimetandikwa, maana nakujua. Nitakaa kwenye kiti hiki, nami nitakutumia ujumbe wa sauti, utaukuta ukiwasha simu Harbin. Ile rekodi ya zamani nimeifuta leo mchana. Niliisikiliza mara ya mwisho, nikamshukuru yule mama, nikamwacha apite. Kwa hiyo hutasikia selotepu wala mikokoteni. Utasikia jokofu linanguruma, na feni, na labda bomba la jirani. Huenda nikasema kitu, huenda nikashindwa.

Ukisikia hivyo usiniulize niko wapi. Niko nyumbani, sina haraka, na nimekukumbuka.

Mama yako